Miraba ya Chini

Wachapaji wana ugonjwa wao: hawasomi. Mchapaji anaweza kuchapa kitabu cha mapishi mwaka mzima na bado asijue kukaanga yai. Anaweza kuinua tangazo la msiba kwenye mwanga na kusema, "Mweusi huu umekolea vizuri," kisha akaenda zake kunywa chai. Maneno ni shauri la waliosoma. Yeye anaona wino. Na katika kiwanda kimoja kidogo cha chapa, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mgonjwa mkuu wa ugonjwa huo alikuwa fundi wa mtambo mkubwa, mwanamume wa makamo ambaye kucha zake zilikuwa za buluu siku zote. Kazini walimwita Wino, na jina likamfuata mpaka nyumbani.

Tusimwonee. Kwa kazi yake alikuwa hodari. Alijua kwa sikio tu kwamba rola ya wino imeanza kukauka, na akipitisha kidole gumba juu ya karatasi alijua kama itajikunja kesho yake. Tatizo ni kwamba alijijua kuwa ni hodari. Ukimuuliza swali alikujibu kabla hujalimaliza, na mara nyingi alipatia, na hapo ndipo hatari ilipokuwa.

Karatasi zikitoka mtamboni zilikwenda kwa mkataji. Huyu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu mzima aliyepanga chumba mtaa wa pili na kula kwa dada yake. Walimwita Dokta kwa ajili ya kile kisu kirefu cha mashine ya kukatia. "Dokta, mgonjwa wako huyu," walimwambia wakimletea rundo la karatasi, naye akajibu, "Mlazeni." Kwao alikuwa na sifa nyingine. Utotoni alitumwa chumvi akarudi na kiberiti, na ukoo mzima ulikitunza kisa hicho kama watu wanavyotunza picha ya harusi. Kila aliposahau kitu walimwambia, "Haya, kiberiti hicho!" naye alicheka pamoja nao. Lakini mbele ya kisu hakuwahi kukosea, kwa sababu moja tu: alikuwa anauliza. Nikate hapa? Huku ndiko juu? Aliuliza mpaka watu wakachoka.

Siku moja akaja mwalimu wa kemia, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kufika madawati ya nyuma. Chini ya kwapa alikuwa na jedwali la elementi alilolichora mwenyewe likizo nzima, majina yote kwa Kiswahili, la kubandikwa ukutani mashuleni. Alilikunjua juu ya meza ya kukatia, na kwa kuwa mtambo ulikuwa umezimwa, akawafundisha hapo hapo kana kwamba ni kidato cha tatu.

"Rangi ndizo zinazobeba somo langu," alisema. "Msizichezee. Elektroni haziingii ndani ya atomu ovyo ovyo. Kuna vyumba vya aina nne: s, p, d na f. Unaangalia elektroni ya mwisho kuingia imelala chumba gani. Ikilala s, elementi hiyo ni ya bloku s, hawa wekundu wa kushoto, kina sodiamu na kalsiamu. Ikilala p, ni hawa wa manjano wa kulia, kina kaboni na oksijeni. Hapa katikati, hawa wa buluu ndio d: chuma, shaba, fedha, dhahabu."

"Na risasi, mwalimu?" aliuliza Dokta.

"Risasi ni p. Huku kulia."

"Afadhali iko mbali na fedha. Zikikaa pamoja huwa ni ujambazi."

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaweka kidole juu kabisa, pembeni kulia. "Huyu ndiye atakayewasumbua. Heli. Elektroni zake zote mbili ziko chumba s, kwa hiyo bloku yake ni s. Lakini tabia yake ni ya hawa gesi wasiochanganyika na mtu, basi anakaa nao huku, juu ya watu wa p. Nataka awe mwekundu hapo hapo alipo, kati ya manjano. Watu watawaambia mmekosea. Msiwasikilize."

Hilo lilimwingia Wino. Kisanduku kimoja chekundu mpakani mwa manjano, bila rangi kuvuja! Hiyo ndiyo kazi ya fundi. Alikuwa tayari anaipigia hesabu kichwani mwalimu alipoendelea.

"Na hawa wa kijani, safu mbili za chini, ndio f. Kwa haki yao wangekaa ndani, hapa kati ya s na d, ila jedwali lingekuwa pana likatoka nje ya ukuta. Ndiyo maana tunawatoa tunawaweka chini peke yao. Lakini ni wa humu humu."

Wino aliitikia, "Naam, mwalimu." Aliitikia kwa mdomo tu, kichwa kilikuwa kwa heli.

Siku ya kuchapa alikaza macho kwenye kile kisanduku chekundu kama mlinzi. Alisimamisha mtambo, akarekebisha, akausimamisha tena, na kilipotoka safi, kingo zimekatika kama kwa wembe, akawaita wenzake waje waone. Walikuja, wakasifu. Bosi mwenyewe akatoka ofisini kwake, akaweka miwani, akasema, "Hapo fundi umenikosha." Kila mtu aliiona heli siku ile. Kwa jedwali lililobaki, kila mtu alimwamini mwenzake.

Sasa ni lazima tueleze jambo moja la kazi. Chini ya kila karatasi kubwa, nje ya picha yenyewe, wachapaji huweka mstari wa miraba midogo ya rangi. Huo ni wa kupimia wino: fundi anautazama kujua kama rangi imezidi au imepungua. Miraba hiyo huwa na vijiherufi vyake, haina maana kwa mteja, na mwisho wa kazi mkataji huikata ikaingia kapuni. Aliyepanga jedwali kwenye kompyuta aliuweka mstari huo chini kabisa, ukifuatana na zile safu mbili za kijani, mraba kwa mraba, ukubwa karibu ule ule. Ukisimama mbali kidogo unaona jedwali, halafu nafasi nyeupe, halafu miraba ya rangi.

Na Wino alikuwa amesimama mbali kidogo. Alikuwa ameinama anasafisha rola, kwa sababu kalenda za mteja mwingine zilikuwa zinasubiri, na mtambo mdogo wa pembeni ulikuwa unapiga kelele.

"Shemeji!" Dokta aliita. "Chini nakata wapi?"

Wino akainua kichwa, akanyoosha kidole chenye wino. "Hapo penye nafasi nyeupe. Hiyo miraba yote ya chini ni ya kupimia wino."

"Mbona alama ya kukatia iko chini zaidi?"

"Alama za kompyuta hizo. Kila siku zinakosewa."

"Na hii mingine ina herufi."

"Miraba ya wino lini ilikosa herufi? Dokta, unakata au unasoma?"

Dokta akacheka. Akalinganisha rundo, akaligongagonga kingo zake mpaka likakaa sawa, akashusha kisu. Alikata mpaka mchana, rundo baada ya rundo, na vipande vya kijani vikajaa kapu, vikaenda kutupwa na taka za siku.

Mwalimu alipokuja kuchukua mzigo wake alianza na furaha. "Heli yangu!" alisema, akakigusa kile kisanduku chekundu kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala. Bosi akatabasamu. Wino akajifuta mikono kwa kitambaa bila sababu. Kisha kidole cha mwalimu kikashuka, kikapita d, kikafika chini, kikagota kwenye ukingo wa karatasi. Akaigeuza ile karatasi nyuma. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu.

"Bloku f iko wapi?"

Bosi akachukua karatasi ya nne, akaigeuza na yeye.

"Mmenikatia bloku nzima," mwalimu alisema, na ile sauti ya madawati ya nyuma ikawa ndogo. "Urani ilikuwa humo. Kuna watoto watakaoangalia ukuta huu wakadhani kwamba hakuna f duniani."

Bosi alivua miwani. "Nani kakata?"

Swali lenyewe lilikuwa la kitoto. Mkataji alikuwa mmoja. "Nimekata mimi, bosi," alisema Dokta. "Lakini niliambiwa..." Akamgeukia shemeji yake. Hakumgeukia kwa kumshitaki, la. Alimtazama kama unavyomtazama mwenzako unapotaka akukumbushe jina la mtu.

Wino alikuwa na nafasi yote ya kusema. Baadaye alijaribu kujidanganya kwamba mambo yalikwenda haraka, lakini hayakwenda haraka. Aliona vizuri kabisa neno la kweli lilipo, akalipita kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai.

"Mimi nilimwambia akate ule mstari wa mwisho, wa wino," alisema. "Labda hakunisikia vizuri. Kulikuwa na kelele."

Dokta alipepesa macho. Midomo yake ilisogea kidogo, kama anayesoma kitu kilichofutika ubaoni. Ukamwona anarudi nyuma kichwani mwake kutafuta, na ukamwona anakutana na chumvi na kiberiti na vicheko vya miaka yote.

"Labda," alisema.

Afadhali angepiga kelele! Afadhali angemwita Wino mwongo mbele ya mwalimu, mbele ya bosi, wakashikana mashati kati ya makapu. Lakini alisema labda, akavua aproni yake bosi alipomwambia aivue aende nyumbani, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mashine, akamwomba mwalimu msamaha. Bosi alimwahidi mwalimu kwamba jedwali litachapwa upya. Wino akarudi kwenye kalenda, na siku nzima hakusikia rola.

Jioni Dokta alikuja kula kama kawaida. Dada yake, ambaye alikuwa anashona sare za shule pale pale sebuleni, habari alikwishazipata, maana habari mbaya haina mguu mbovu. Alimtengea mdogo wake chakula kingi kuliko siku zote, kisha hasira ikamshinda.

"Wewe na kichwa chako! Nilimlilia mume wangu akutafutie kazi ile. Nilimlilia! Leo unamtia aibu."

"Ni kweli, dada," alisema Dokta. "Shemeji aliniambia vizuri, mimi ndiye nilisikia vibaya."

Dada akamgeukia Wino. "Ulimwambiaje?"

Tonge lilikuwa mdomoni. Alilitafuna muda mrefu kuliko linavyostahili. "Nilimwambia mstari wa mwisho," alisema. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka laini kuliko wa kwanza, na ulaini wake ndio uliomwogopesha.

Kazi ya kuchapa upya ilimwangukia yeye mwenyewe, na kukata pia, kwa kuwa mkataji mpya alikuwa hajapatikana. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya chapa, Wino alisoma. Alisoma kila kisanduku. Alikaa na kalamu mbele ya karatasi ya majaribio akipita s, akipita p, akipita d yote, na alipofika zile safu mbili za kijani alisoma pole pole, jina kwa jina, kama anayeita mahudhurio ya watu aliowakosea. Maneno ya mwalimu yalimrudia yote. Kumbe sikio lilikuwa limeyaweka. Elementi haijipangii bloku. Inawekwa na kitu cha mwisho kilichoingia ndani yake, na kilipolala. Wino aliwaza kwamba binadamu naye akipangwa hivyo, yeye atawekwa pembeni peke yake, ndani yake mna "labda" imelala. Wazo hilo lilimchukiza, akachapa karatasi nyingine.

Mwalimu alikuja kuangalia. Alikagua kijani, akaridhika, kisha akatazama mashine ya kukatia.

"Yule kaka wa risasi na fedha bado hajarudi?"

"Ameacha kazi, mwalimu."

"Ameacha au ameachishwa?" Wino akainama kuokota kipande cha karatasi. Mwalimu akakaa juu ya kasha la karatasi, akashika kichwa. "Kosa langu. Ningeandika 'f' kubwa pale pembeni. Nilijua zinakaa vibaya zile safu, kila mwaka wanafunzi wanazisahau. Mungu wangu, mtu amekosa kazi kwa ajili ya mchoro wangu."

"Si kosa lako, mwalimu."

"La nani basi?"

Wino akasema mtambo unamwita. Mtambo ulikuwa umezimwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: kosa lilikuwa moja, likapata wazazi watatu. Dokta alisema ni lake, mwalimu alisema ni lake, mkewe Wino naye usiku alisema ni lake kwa kumlazimisha mdogo wake kwenye kazi isiyomfaa. Baba halisi wa mtoto alikuwa anazunguka humo humo, anawapa pole wote.

Pengine angezoea. Watu huzoea mengi. Lakini Dokta alianza kubadilika, na hilo halikuzoeleka. Alikuwa akifunga mlango wa chumba chake, anafika njiani, anarudi kuutikisa. Akimaliza kunywa maji alimuuliza dada yake, "Nimekunywa?" akacheka, ila kicheko kilikuwa hakina mtu ndani. Na yule aliyekuwa akiuliza mpaka watu wachoke akaacha kabisa kuuliza afanye nini, kwa sababu kuuliza kuna faida gani kama jibu nalo utalisikia vibaya?

Kisha akaja fundi vioo wa mtaani, mzee mcheshi aliyepungukiwa na vidole viwili. Alikuwa anatafuta mtu wa kupima na kukata, na alikuwa amesikia habari za mkono wa Dokta. Alikaa sebuleni kati ya sare za shule, akaeleza kazi, akamsifu mwenyeji kwa chai.

Dokta alimsikiliza kwa heshima. "Mzee wangu, nashukuru. Lakini karatasi nilikata vibaya nikafukuzwa. Kioo si karatasi. Kichwa changu hiki si cha kuaminiwa."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe nimeona."

"Fikiri," alisema fundi vioo akinyanyuka. "Nitapita kesho asubuhi. Ukikataa namchukua mwingine, nisije nikakudanganya."

Wino alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hapo ndipo alipoelewa vizuri alichokichukua. Kazi ni kitu, lakini kazi nyingine hii hapa imekuja kwa miguu yake mpaka sebuleni. Alikuwa amemchukulia shemeji yake kichwa chake. Alikitoa hadharani, akamwonyesha kwamba ni kibovu, na mwenye kichwa akaamini.

Alitoka bila kuaga, akarudi kiwandani bosi akiwa bado yupo, akaingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Bosi, lile jedwali. Nilimwambia mimi akate vile. Aliniuliza, hata alama alinionyesha, nikamkemea."

Bosi hakushtuka. Alionyesha kwa kalamu dirisha la kioo linaloangalia mitambo. "Kioo hiki unadhani nilikiweka kupitisha upepo? Nilikuona siku ile unanyoosha kidole. Sikusikia maneno, lakini nilikuona."

"Sasa mbona..."

"Mteja alikuwa amesimama pale karibu alie. Alitaka kuona mtu anaondoka. Wa kukata nitampata. Wa ule mtambo nitamtoa wapi?" Akaiweka kalamu chini. "Lakini wewe ni mwungwana, umekuja mwenyewe. Nimwite arudi, uondoke wewe? Sema tu, fundi. Nitafanya hivyo hata sasa hivi."

Wino alifungua mdomo. Kichwani aliwaona watoto wake, akauona mtambo wake, akaona kucha zake. Mdomo ulibaki wazi, kisha ukajifunga wenyewe. Bosi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwishajua bei.

"Basi tumeelewana," alisema. "Nenda nyumbani."

Njiani Wino alijitukana kwa matusi yote aliyoyajua, na mchapaji anajua mengi. Alikuwa amekwenda kutua mzigo, akarudi na miwili. Lakini lilibaki jambo moja ambalo halikuhitaji ruhusa ya bosi wala ya mtu yeyote, nalo alikuwa amelikwepa tangu mwanzo kwa sababu ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Fundi vioo angepita asubuhi.

Aliwakuta wanakula. Hakukaa.

"Shemeji," alisema. "Lile kosa ni langu."

Dokta aliinua macho, kijiko mkononi. "Kosa gani?"

"La jedwali. Ulisikia sawasawa. Mimi ndiye niliyekwambia kata penye nafasi nyeupe, miraba yote. Halafu mbele ya bosi nikasema uongo. Nilisema uongo, shemeji. Nimekuwa nikisema uongo humu ndani, kwenye meza hii."

Alikuwa amejiandaa kwa lolote. Alikuwa amejiandaa kwa ngumi, na moyoni alikuwa anaitamani hiyo ngumi. Dokta aliweka kijiko chini taratibu, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo Wino hakuwa ameiona tangu siku ile ya aproni.

"Shemeji, kaa ule."

"Sikai. Nisikilize."

"Nimekusikia. Umeona nimemkataa yule mzee, roho imekuuma, sasa unataka kujitwisha mzigo wangu ili mimi nijione mzima." Alisimama, akamshika Wino mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante. Mtu mwingine angeninyamazia. Lakini usijipake matope kwa ajili yangu."

"Siyo huruma! Ni kweli! Uliniuliza, mbona alama ya kukatia iko chini zaidi? Kumbuka. Mimi nikakwambia alama za kompyuta zinakosewa."

"Mimi niliiona alama?"

"Uliiona! Ulinionyesha!"

Dokta akafikiri. Alifikiri kwa bidii, paji lake likajikunja, na Wino akamwombea kwa moyo wote apate. Kisha akatikisa kichwa, anatabasamu.

"Sikumbuki," alisema. "Dada, unamsikia mumeo? Mpaka sifa ananitungia. Una mume mwema, dada yangu."

Mkewe Wino hakucheka. Alikuwa ameshika sare ya shule, sindano imesimama nusu ya mshono, na alikuwa anamtazama mumewe usoni. Kwa miaka yote waliyoishi pamoja alikuwa amejifunza kusoma kitu kimoja vizuri, na sasa alikuwa anakisoma, bila haraka, mpaka mwisho. Wino aliona pale alipofika, akainamisha macho.

"Mdogo wangu, kaa chini," alisema yule mama, na sauti yake ilikuwa ngeni. "Na wewe, mwambie tena."

"Nimeshamwambia."

"Mwambie tena. Alisimama wapi, ulisimama wapi, alisema nini. Mwambie mpaka akumbuke."